Pesa imetoka, kazi haionekani: dalili na chanzo cha hasara katika ununuzi wa umma

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka usiku, asubuhi anapewa dawa ya malaria, hata kama kinachomsumbua ni kifua au mkojo. Vipimo vya haraka vilipofika mpaka zahanati za vijijini ndipo tukaanza kujua ni homa ngapi zilikuwa na chanzo kingine kabisa. Kwenye ununuzi wa umma bado hatujafika hapo. Ukuta wa darasa ukipasuka, dawati likivunjika, rimu ya karatasi ikinunuliwa kwa bei ya kushangaza, jibu letu ni moja: upigaji.

Upigaji upo. Nimeukuta, na nitausema hapa chini. Ila katika miaka niliyokaa kwenye kamati za tathmini na za mapokezi katika halmashauri, fedha nyingi nilizoona zikiteketea ziliteketea mikononi mwa watu ambao hawakutia hata shilingi mfukoni. Walinakili vigezo vya mwaka uliopita. Walisaini hati ya mapokezi saa kumi na mbili jioni. Walilipa baada ya miezi tisa. Hasara kubwa huingia kabla tangazo halijatoka na baada ya mkataba kusainiwa, wakati macho ya watu wote yako kwenye siku ya kufungua zabuni.

Siku hiyo sasa imekaa vizuri zaidi. NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma hapa Tanzania, ulianza kutumika Julai 2023 ukachukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na Kanuni zake za 2024 zimeubana mchakato uwe ndani ya mfumo. Hakuna tena kuzungusha bahasha. Lakini NeST haina mikono ya kupima nondo, wala haijui kwamba neno uliloandika kwenye vigezo halishiki kitu. Hayo yamebaki kwetu. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu ndivyo yanavyotufikia: chanzo kimejificha, dalili ndiyo inayogonga mlango.

"Bei yetu iko juu kuliko ya dukani"

Kabla ya kumshuku mtu, hakikisha unalinganisha vitu vinavyolingana. Bei ya dukani ni ya mtu aliyeshika pesa taslimu, anabeba mwenyewe, na mara nyingine wala hadai risiti. Bei unayopewa wewe ina risiti ya mashine ya kodi (EFD), ina VAT ya asilimia 18 kama mzabuni amesajiliwa, ina usafiri mpaka kwenye kata, na ina jambo la nne ambalo haliandikwi popote: muda wa kusubiri malipo. Toa vitu hivyo vinne kwenye hesabu. Tofauti ikiisha, huna tatizo la bei. Ikibaki, endelea kuchimba.

Anza na makadirio. Bajeti huandaliwa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza, na ofisi nyingi huchukua bei ya mwaka jana na kuongeza kidogo. Mwaka wa tatu wa kufanya hivyo, namba iliyo kwenye mpango wa ununuzi haina uhusiano tena na soko. Wazabuni wazoefu wanaijua, kwa sababu halmashauri hainyamazi. Basi wanaweka bei zao chini kidogo ya bajeti yako, na wewe unaandika kwenye ripoti kwamba bei "iko ndani ya makadirio". Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja: tembea maduka matatu, mawili yawe nje ya mji wako, uandike tarehe, kipimo na bei ya jumla, karatasi iingie kwenye jalada kabla ya tangazo. Kikao kikibisha baadaye, una kitu cha kuweka mezani.

Makadirio yakiwa sawa na bei bado iko juu, uliza idara ya fedha swali moja: wazabuni wa mwaka jana walilipwa baada ya siku ngapi? Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye jeraha ninaloliona likipuuzwa kuliko yote.

Chukua mzabuni wa vyakula anayepeleka maharage na unga kwenye shule ya bweni, mzigo wa sh. milioni 40. Hana mtaji huo, amekopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Akilipwa baada ya miezi tisa, riba peke yake imefika sh. milioni 7.2. Faida yake imeliwa yote, na nyumba aliyoweka dhamana inapigwa picha na watu wa benki. Mwaka unaofuata, moja kati ya mawili litatokea: ama haji kabisa, ama anakuja na milioni 7.2 zimo ndani ya bei. Serikali haikopi benki kulipia maharage, lakini inalipa riba ya benki kila mwaka kupitia bei ya gunia. Na mnapobishana kwenye kikao kwa nini gunia ni ghali, hakuna anayefungua orodha ya madeni.

Chanzo hiki hakitibiki kwa kubana wazabuni. Kinatibika kwa kukataa kutangaza zabuni ambayo fedha yake haijulikani inatoka wapi na lini, na kwa kulipa madai kwa foleni, la kwanza kuingia likiwa la kwanza kutoka. Ofisi inayolipa ndani ya siku 30 huwa na bei nzuri mwaka wa pili bila kufanya lingine lolote. Waulize wafanyabiashara wa mji wowote ni taasisi gani ya umma wanaipenda. Watakutajia inayolipa, hata kama ina masharti magumu.

Na fikiria vikundi. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama kumi wanaoshona sare hakina pumzi ya miezi tisa. Tukichelewesha malipo yao, tumewapa zabuni kwa mkono wa kulia na kuwafilisi kwa wa kushoto. Halafu tunaandika "kikundi kilishindwa kutekeleza".

Chanzo kingine cha bei kubwa ni kununua kwa vijiko. Rimu ishirini mwezi huu, ishirini mwezi ujao, kila idara na oda yake. Fungua orodha ya oda za miezi sita, zipange kwa jina la kitu badala ya tarehe, utaona. Vitu vya kila siku, yaani karatasi, wino, mafuta, matairi, vina mikataba maalumu inayoandaliwa na Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, itumie. Na kama oda ziligawanywa makusudi ili kila moja ikae chini ya ukomo unaodai ushindani, hilo sheria inalikataza, na hutakuwa umeona kosa la bei tena, umeona kosa la mtu.

"Mzabuni ni mmoja tu", au "ni wale wale watatu"

Mzabuni akiwa mmoja, soma tangazo lako kama vile wewe ndiye mfanyabiashara. Umeomba uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ya kufyeka nyasi? Umeomba mauzo ya sh. milioni 500 kwa mwaka kwa mzigo wa milioni 12? Umetaja modeli ya mashine badala ya kazi inayotakiwa kufanya? Mara nyingi hakuna njama. Kuna mtu aliyenakili masharti ya zabuni ya barabara akayabandika kwenye zabuni ya usafi. Vijijini kuna sababu nyingine ya wazi: fundi mzuri kuliko wote katika kata hajasajiliwa NeST, hana barua pepe, na hajui pa kuanzia. Siku moja ya kukaa na mafundi kwenye ofisi ya kata, mtu mwenye kompyuta na intaneti akiwasajili mmoja mmoja, huleta ushindani kuliko matangazo kumi.

Wale wale watatu ni habari nyingine. Nitasimulia nilivyojua. Tulikuwa na zabuni tatu za vifaa vya ofisi, vitu 64. Waliotangulia kutathmini walitazama jumla, wakaona tofauti ya kawaida. Mimi nikaingiza bei zote kwenye Excel, nikagawanya bei ya mzabuni wa pili kwa bei ya wa kwanza, mstari kwa mstari. Ya kwanza ikatoka 1.06. Ya pili, 1.06. Kalamu, 1.06. Stepla, 1.06. Wino wa printa, 1.06. Mstari wa 64, 1.06. Wa tatu alikuwa 1.09 kuanzia juu mpaka chini. Na wote watatu waliandika "karatasi za manira" kwa kosa lile lile, neno ambalo kwenye orodha yetu liliandikwa "manila". Maduka matatu yanayoshindana kweli hayawezi kupishana namna hiyo. Mmoja atakuwa na kalamu kwa bei nafuu, mwingine na wino.

Ukiona hivyo, usimtangaze mtu mwizi. Chapisha jedwali, liweke kwenye ripoti ya tathmini, mpe afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, kwa maandishi, na upendekeze zabuni itangazwe upya kwa eneo pana zaidi. Kupanga bei kwenye zabuni ni kosa chini ya sheria inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na TAKUKURU nao wana mlango wao. Kazi yako wewe ni ushahidi uliopangika. Nimeona mambo kama haya yakifa kwa sababu aliyeyaona aliyasema kwenye korido badala ya kuyaandika.

"Tulichukua bei ya chini, sasa mkandarasi ameondoka"

Bei iliyo chini sana ina tafsiri tatu: mzabuni amekosea hesabu, hajaelewa kazi, au anategemea nyongeza za kazi kupata faida baadaye. Namna ya kutofautisha ni kumwandikia barua aeleze bei yake kwa mchanganuo: vifaa, mafundi, usafiri, muda. Aliyekosea ataonekana, mara nyingi kuna sifuri iliyopotea. Ambaye hajaelewa ataeleza kazi nyingine. Wa tatu angalia BOQ, yaani jedwali la kazi, kiasi na bei: bei zake ziko chini kwenye vitu vyenye kiasi kinachojulikana, na juu sana kwenye vile ambavyo kiasi chake kinaweza kuongezeka, kama uchimbaji na ujazaji kifusi. Huyo anajua kwamba BOQ yako ina kasoro, na anajua iko wapi. Kwa hiyo chanzo kiko kwenye dawati la aliyepima udongo, au ambaye hakupima.

Sheria haikulazimishi kumpa kazi mtu wa bei ya chini isiyoelezeka. Inakulazimisha kumwuliza kwanza.

"Kilichofika sicho tulichoagiza"

Hapa nina deni langu mwenyewe.

Mwaka mmoja tuliagiza madawati 120 kwa shule mbili za msingi, sh. 70,000 kila moja. Lori lilifika jioni, mawingu yamefunga, dereva anataka kurudi kabla barabara haijaloa. Tulikuwa wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi. Tulihesabu, tukakaa kwenye mawili matatu, tukatikisa, tukasaini. Mimi ndiye nilishika tochi. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alinipeleka nyuma ya darasa la tatu: madawati 43 yamelundikwa, miguu imekatika palepale kwenye maungio, mtoto mmoja amewahi kushonwa paja kwa bomba lililochomoka. Kovu lile nililionyeshwa.

Nilikwenda kwa mzabuni na hasira zote. Akatoa mkataba, akaweka kidole kwenye vigezo. Palikuwa pameandikwa: "dawati la bomba la chuma na mbao imara." Akaniuliza, imara ni milimita ngapi? Bomba alilotumia lilikuwa jembamba, amechomelea upande mmoja tu wa kila ungio, na hakuvunja sentensi hata moja ya mkataba wetu. Neno "imara" ndilo lililokata miguu ya madawati yale, na neno hilo tuliliandika sisi, ofisini, wiki mbili kabla ya tangazo.

Mara iliyofuata tuliandika hivi: bomba la mraba la inchi moja kwa moja, unene wa ukuta wake usiopungua milimita 1.5, maungio yote kuchomelewa pande zote, mbao ngumu iliyokauka, unene wa inchi moja baada ya kupigwa randa, mbao kufungwa kwa bolti, siyo misumari, dawati moja la mfano lipitishwe na kamati kabla ya mengine kutengenezwa, na lile la mfano libaki stoo mpaka mzigo wa mwisho upokelewe. Bei ikaja 95,000. Kwenye kikao diwani mmoja aliuliza kwa nini tumepandisha kwa 25,000. Nilimjibu kwa hesabu ya mwaka: dawati la 70,000 linaloishi miaka miwili linakula 35,000 kila mwaka, la 95,000 likiishi miaka minane linakula chini ya 12,000. Hiyo ndiyo thamani ya fedha. Ofisi iliyozoea kushangilia "tumeokoa" siku ya kusaini mkataba huwa inashangilia mapema.

Kwa hiyo kitu kibovu kikifika, rudi kwanza kwenye vigezo. Kila neno ambalo haliwezi kupimwa kwa rula, mzani, saa au cheti lifute: imara, bora, ya kisasa, ya kiwango cha juu, ya kutosha. Kisha angalia kama vigezo vilikuwa vizuri na mapokezi ndiyo yaliyolala. Mapokezi yana vifaa vyake, na vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Nondo ipime kwa mzani, usiipime kwa macho. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.6. Ya milimita 10, urefu ule ule, ni kama kilo 7.4. Ukiletewa "ya 12" ukaiweka kwenye mzani ikasoma kilo 9, umeletewa kitu kilicho katikati, na lenta ya darasa haijui lugha ya katikati. Pima tano kutoka sehemu tofauti za mzigo. Bati nalo: kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, hivyo anayekuletea geji 30 badala ya 28 amekupunguzia. Rangi huficha, kipimio cha unene hakifichi.

Mchanga unaibiwa bila mtu kuiba. Unalipia tripu "ya mita za ujazo tano". Panda kwenye lori na futi. Boksi moja nililolipima lilikuwa na urefu wa mita 3.5, upana wa 2, kina cha 0.6. Zidisha: mita za ujazo 4.2. Kwa tripu 30 umepungukiwa mita za ujazo 24, karibu tripu sita za lori lile lile. Dereva hakudanganya, lori lake ndivyo lilivyo. Sisi ndio tuliokubali kuhesabu tripu badala ya mchanga. Saruji soma mfuko: 32.5 na 42.5 zina nguvu tofauti na bei tofauti, na oda isiyotaja namba italetewa iliyo rahisi.

Na mzigo ukifika jioni, lala nao. Andika kwenye hati "umefika, haujakaguliwa", taja saa, funga stoo, kagua asubuhi. Dereva atanung'unika. Hakuna kanuni inayosema mapokezi na ukaguzi vifanyike ndani ya dakika moja. Mimi ningefanya hivyo mwaka ule, mtoto yule asingekuwa na lile kovu.

"Fosi akaunti imezidi makadirio"

Katika utaratibu huu taasisi yenyewe inanunua vifaa na kuweka mafundi, bila mkandarasi. Shule na zahanati nyingi tunazoziona zimejengwa hivi, na umetuokolea fedha nyingi. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa sh. trilioni 1.3 kutoka IMF, na humo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa sh. milioni 20. Watoto wakaingia Januari. Nauheshimu mradi ule. Lakini ulitufundisha dalili mbili ambazo bado zinarudi.

Ya kwanza ni bei moja kwa nchi nzima. Shule iliyo kando ya barabara kuu na shule ya Ukerewe, ambako mfuko wa saruji lazima uvuke maji, hazina gharama sawa ya darasa. Ukilazimisha kiwango kimoja, wa karibu anabaki na chenji na wa mbali anachuja zege. Omba makadirio ya eneo, yenye mstari wake wa usafiri, kabla ya kazi kuanza. Ya pili ni wote kuingia sokoni wiki moja. Kila mtu akitaka nondo na bati kwa wakati mmoja, muuzaji ndiye anayepanga bei. Mwenye mpango wa ununuzi unaoheshimiwa, aliyekubaliana bei mapema na msambazaji, hapigwi na wimbi hilo.

Mengine ya fosi akaunti ni ya pale pale site. Vifaa vimenunuliwa vyote siku moja, saruji imepangwa chini kwenye sakafu ya udongo, na ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu inaganda na kupoteza nguvu. Nunua kwa hatua: msingi, boma mpaka lenta, kupaua, umaliziaji. Kila hatua na orodha yake, na hatua haifunguliwi mpaka mhandisi ameandika kwenye kitabu cha site. Mhandisi ni mmoja na kata ni ishirini? Basi usianze miradi ishirini siku moja. Tofali nazo: fundi anayetoa tofali 30 kwa mfuko na anayetoa 50 hawafyatui kitu kimoja. Mwambie aliangushe moja mbele yako, kutoka usawa wa kiuno, uone linavunjikaje.

"Jengo limekamilika, huduma haijaanza"

Hii ni fupi kuieleza na ndefu kuiishi. Mashine ya maabara imefungwa, kemikali zake zinauzwa na kampuni moja tu kwa bei inayotaka yenyewe. Mashine ya eksirei inataka umeme wa njia tatu, kituo kina wa njia moja. Nyumba ya mganga haina maji. Chanzo ni kununua kitu badala ya kununua huduma inayotokana na kitu. Kabla ya kutangaza, mwite atakayekitumia, yule mtaalamu wa maabara mwenyewe na siyo mkuu wake, mwulize: kikifika Jumatatu, unahitaji nini ili Jumanne mgonjwa wa kwanza ahudumiwe? Atakuorodheshea. Kemikali za miaka mitatu, mafunzo, matengenezo, umeme, maji, yote yaingie kwenye bei inayolinganishwa. Mashine iliyokuwa rahisi mara nyingi haitakuwa rahisi tena.

"Juni imefika"

Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na wiki tatu za mwisho oda hutoka kama mvua ya masika. Vitu vinalipwa kabla havijafika, stoo inapokea visivyohitajika. Ukitaka kujua kama taasisi yako inaumwa hili, hesabu oda za Juni ugawanye kwa oda zote za mwaka. Ikizidi sana moja ya kumi na mbili, tafuta kilichokwama kati ya Oktoba na Machi. Kwa kawaida ni fedha iliyochelewa kuletwa, na hilo halitibiki ngazi ya chini. Lakini zabuni zinaweza kuandaliwa mapema, vigezo vikakamilika, ili fedha ikifika Mei isikute ukurasa mtupu.

"Tulikabidhiwa vizuri, nyufa zimekuja baadaye"

Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, na sehemu ya fedha ya mkandarasi hushikiliwa mpaka kiishe. Ndani ya kipindi hicho kasoro ni zake. Kinachotokea ni kwamba tarehe inapita, hakuna aliyekwenda kuangalia, fedha inaachiwa, na nyufa zinakuwa zetu. Fungua mikataba yote iliyo hai leo, toa tarehe za mwisho wa matazamio, zibandike ukutani kwenye ofisi ya msimamizi wa mkataba, na panga safari mwezi mmoja kabla ya kila tarehe.

Safari hiyo ifanye siku mvua inanyesha. Ukienda kesho yake, wenyeji wameshapiga deki. Beba tochi na ngazi, ingia darini, tazama mbao za kenchi zilizolowa, shuka ukague chini ya madirisha na kwenye kona za sakafu. Mwulize mwalimu ndoo wanaziweka wapi. Piga picha, andika vipimo vya kila ufa, urefu na upana, mkandarasi asaini mkiwa wote pale pale mnalowana.